Ndugu wa Kumuuguza Kasiana

Kasiana aliijua hospitali ya mkoa kama alivyolijua jiko lake. Alijua bomba gani la uani hutoa maji asubuhi, mlinzi yupi huruhusu chungu cha uji kipite kabla ya saa, na muuguzi yupi huombwa kwa upole, yupi kwa utani. Hakusomea chochote. Hakuolewa tu, basi, na katika ukoo wao kila alipougua mtu, wenye waume na wake na watoto walimgeukia yeye. Alimuuguza baba miezi saba. Akamuuguza shangazi, akamuuguza mama, kisha kaka yake Sipriani. Kila mara meza yake ya dagaa wa Nyasa pale sokoni ilifunikwa turubai, na kila mara alipolifunua wateja walikuwa wameshahamia kwa wengine. Alianza upya, na upya, mpaka neno lenyewe likachakaa.

Sipriani alikufa kwa ugonjwa wa ini. Walimfikisha hospitali tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano, na hapakuwa na la kuchagua. Daktari aliagiza ndugu zake wa tumbo moja wapimwe homa ya ini, maana virusi vyake mama huweza kumwachia mtoto wakati wa kuzaliwa. Ndugu waliitikia, wakazika, wakasahau. Kasiana naye akasahau, miaka sita. Mwaka huu alipochoka uchovu usioondoka kwa kulala, ndipo alipokwenda. Virusi vilikutwa. Vipimo vikafuatana, cha damu, cha picha, na kingine cha picha, mpaka likatamkwa neno saratani.

Daktari George, kijana ambaye angeweza kumzaa, alimwamkia kwanza, ndipo akafungua faili. Uvimbe ulikuwa mmoja, wa ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Alimweleza taratibu. Kuna kukata kipande cha ini chenye uvimbe, lakini ini lake lilikuwa na makovu, kwa hiyo mabingwa wa Dar es Salaam wangepima kwanza kama kitakachobaki kitamudu kazi. Kuna kuuchoma uvimbe kwa sindano inayoongozwa na picha, bila kupasua tumbo. Hiyo ndiyo aliyoona inamfaa, maadamu uvimbe bado mdogo. Ukikua, huzibwa mshipa unaoulisha. Ukisambaa, hubaki dawa za kuuchelewesha. Kuhusu kubadilishiwa ini, alisema wasiweke tumaini huko. Na mwisho ipo tiba ya nyumbani, dawa ya maumivu na muuguzi wa kumtembelea, ambayo haiponyi lakini nayo ni tiba, wala mtu asiionee haya.

“Ila tukikawia, mama, hizi njia zinajifunga moja moja,” alisema. “Huko Dar watataka mtu wa kuwa nawe. Ndugu wa kukuuguza ni nani?”

Kasiana alifungua mdomo aseme ni mimi, kwa mazoea. Akaufunga.

Habari ilipelekwa kwenye kundi la ukoo la simu. Fulgence, kaka yake mkubwa aliyeko Tunduru, aliandika sala ndefu na kutuma mchango wa kwanza. Dada yake Pamela, mwenye duka Msamala, akafuata, kisha binamu na wakwe. Siku nne hazikuisha, fedha ikapatikana. Mtu hakupatikana. Fulgence alikuwa katikati ya msimu wa korosho. Pamela alikuwa na duka na mjukuu mchanga. Binamu mmoja akaandika kwamba dada Kasiana hana haja ya msindikizaji, akifika huko atawafundisha wauguzi kazi. Wengi wakatuma vicheko. Kasiana naye akatuma kimoja, ameketi peke yake kitandani nyumbani kwake Lizaboni, miguu ikimuuma.

Wiki ya pili ilipoisha alimpigia Pamela kumwambia ameamua, atachukua ile tiba ya nyumbani, afie kwake. Pamela alilia kidogo. Kisha Kasiana akamsikia akishusha pumzi, kama mtu aliyetua ndoo. Hakumlaumu. Pumzi ile aliijua. Ila yeye hakuwahi kupata mtu wa kumtua mzigo.

Jumamosi akaja Suzana, mjane wa Sipriani. Wakati wa ugonjwa wa mumewe, Suzana hakuweza kuvuka mlango wa wodi. Aliishia getini, akakabidhi chakula na kuondoka karibu anakimbia. Kasiana ndiye aliyemgeuza Sipriani kitandani, ndiye aliyemfumba macho. Tangu mazishi wifi hao wawili walisalimiana kanisani na kuishia hapo.

Suzana hakukaa kitako sawasawa. Alisema amesikia kwa Pamela, na kwamba atakwenda yeye Dar.

“Wewe?” Kasiana akasema. “Wewe unayezimia ukiona bomba la sindano?”

“Nitazimia hukohuko, wifi. Si hospitali? Watanipa kitanda jirani na chako.”

Kasiana alicheka bila kupenda, na ubavu ukamuuma. Akamwambia asante, lakini ameshachagua. Suzana akauliza amechagua nini. Kasiana akaeleza: nyumbani, dawa ya maumivu, utulivu.

“Daktari ndiye aliyekuambia hiyo ndiyo inayokufaa?”

Uani kuku alikuwa anaparua, anaparua.

“Mimi nilimkimbia Sipriani,” Suzana akasema, safari hii anamtazama. “Najua unajua. Sikuombi usahau. Nakuomba usife kwa sababu ya kuona aibu ya kuuguzwa.”

Kasiana aliangalia mikono yake. Ilikuwa imeosha watu wanne mpaka kaburini, na hakuna aliyewahi kuishika na kuipima homa. Aliona kwamba alichokuwa amechagua ni kutoomba msaada, akakiita tiba.

“Hujui hata kukoroga uji wa mgonjwa,” alisema.

“Utanifundisha, basi.”

Jumatatu wakaenda hospitali pamoja. Daktari George hakuwaahidi kitu. Alisema wiki mbili ni nyingi, uvimbe utapimwa tena, na kama umekua watazungumzia ile njia ya kuziba mshipa. Kisha akaandika rufaa, akafika kwenye mstari wa ndugu, akainua kalamu. Kasiana akataja jina la Suzana, na la baba yake Suzana, polepole, asije akakosea.

Kilichobaki ni mhuri. Suzana akazichukua karatasi kabla Kasiana hajanyoosha mkono, akamwelekeza kwenye benchi, akaenda. Kutoka pale Kasiana alimwona akivuka ukumbi kwa haraka, kanga imelegea begani, akisimama kwenye foleni ya dirisha la dawa. Dirisha la mhuri lilikuwa upande wa pili, na halikuwa na watu.

Alitaka kuinuka amwite. Miguu ilikataa. Atafika mbele, watamwambia, ataanza upya. Kasiana akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.