Kitambaa cha Rauta

Enzi zetu, picha ya runinga ikiharibika, mtu alitoka nje. Ninyi mliolelewa upande wa Meru mnaijua kazi hiyo. Pale kwetu Kikatiti, Baba alinunua runinga ndogo ya nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari, na antena yake tuliifunga kwenye mti mrefu uliosimamishwa katikati ya migomba, nyuma ya jiko. Upepo wa mlimani ukivuma kidogo tu, kioo kilijaa chenga. Hapo Baba alisema bila hata kugeuza kichwa, "Nenda kashike antena." Wa kutumwa nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa mrefu kuliko wenzangu na sikujua kubisha.

Basi unasimama kwenye matope, ubaridi unakutafuna masikio, unazungusha ule mti taratibu. Unauliza, "Imekuja?" Ndani wanajibu, "Bado." Unazungusha tena. "Imekuja?" "Ilikuja ikaondoka. Rudisha ulikotoka." Halafu ghafla nyumba nzima, pamoja na majirani waliobanana mkekani, inapaza sauti moja: "Hapo hapo! Usiguse! Shika hapo hapo!" Mpaka leo sijui mtu anashikaje bila kugusa, lakini nilishika. Michezo ya kuigiza yote ya miaka ile niliisikiliza kupitia dirisha la jikoni, huku harufu ya makande ikinifariji. Nawajua waigizaji kwa sauti. Sura zao ukiniuliza nitakudanganya.

Matangazo yakiisha, Mama alikuwa na taratibu zake. Aliifunika runinga kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua pembezoni. Redio ilikuwa na kitambaa chake, chupa ya chai na chake, makochi ndiyo usiseme, ungedhani yanakwenda kubarikiwa kanisani. "Kitu cha thamani hakikai uchi," alisema, na kina mama wa usharika waliokuja kwa ibada ya jumuiya walitazama vile vitambaa kabla hawajatutazama sisi.

Sasa nakaa Engutoto, mjini, nami nina watoto wa zama hizi. Binti yangu Upendo, yuko kidato cha tatu, hajawahi kushika antena. Anashika pedi ya gemu. Kaka yake Anaeli yuko masomoni Uturuki, na kila Jumamosi mchana wanacheza mpira kwa intaneti, mmoja akiwa huko, mwingine akiwa kwenye kochi langu. Enzi zetu mpira ulichezwa kwa miguu, tena peku, na ukirudi na kucha zote ulimshukuru Mungu. Hawa wanacheza wamekaa, na wakimaliza wanasema wamechoka, wanaomba juisi.

Nililisema sana hilo gemu, sikatai. Lakini ukweli ni kwamba Anaeli ukimpigia simu ni mtu wa maneno ya kuhesabu: niko poa, nimekula, nasoma. Akicheza ndipo anajisahau. Sauti yake inatokea kwenye pedi ya dada yake, anacheka, anatania, anasimulia mpishi wa bwenini asiyejua chumvi, anasimulia alivyopotea njia akaona haya kuuliza. Nami huketi nyuma yao nachambua maharage ambayo nilishayachambua asubuhi. Upendo huwa haulizi.

Hivi karibuni gemu likaanza kuganda. Mpira unasimama hewani, mlinda mlango amelala chini anausubiri, na sauti ya Anaeli inakuja vipande vipande. Upendo akasema inalagi. Nikamwambia hizo ni chenga. Akanijibu kwamba chenga anapigwa beki, si rauta. Tukakizima hicho kiboksi cha intaneti, tukakiwasha. Tukanunua kifurushi kikubwa zaidi. Tukalaumu kampuni, tukalaumu mawingu ya Meru, tukamlaumu na jirani aliyejenga ghorofa, maskini, wakati mwenyewe hata hajahamia. Upendo akaangalia video za wataalamu, akabadilisha neno la siri, na kutwa nzima hakuna aliyeweza kuingia, yeye mwenyewe akiwemo.

Jumamosi moja Anaeli akachoka. "Dada, tuache tu," nilimsikia akisema kati ya mikwaruzo. "Nitakuwa nawapigia simu." Upendo akasema sawa. Mimi niliumia. Nilizijua hizo simu: niko poa, nimekula, nasoma.

Kesho yake nikampigia mwenyewe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Kabla hujaliacha hilo gemu lenu, niambie rauta inatengenezwaje."

"Lile ulilokuwa unasema la kupoteza muda?"

"Nijibu ulichoulizwa."

"Haya. Rauta iko wapi?"

"Iko mahali pake."

"Mahali pake ni wapi, Mama?"

"Kabatini."

Kabati lenyewe ni lile la vyombo vya wageni, lenye milango ya vioo na ufunguo. Mama yangu, ambaye amekuja kukaa nasi kidogo akitibiwa macho, aliikuta rauta juu ya meza inapigwa vumbi. Akauliza kama ni ya bei, nikamwambia ni ya bei. Akaisogezea vikombe, akaiweka kati ya birika na sahani za harusi yangu, waya ukapita nyuma.

"Na imefunikwa?" akauliza Anaeli.

"Imefunikwa."

"Na nini?"

"Si unamjua bibi yako."

Alicheka mpaka akakohoa, halafu akanieleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu mzima. Kile kiboksi kinatafuta mnara kama simu inavyotafuta. Kinataka dirisha, kinataka juu, kinataka kuwa wazi. "Bibi ameivalisha, Mama. Ivueni."

Kumvulia Mama kitambaa chake ni jambo jingine. Alinitazama nikifungua kabati, akasema tu, "Mnaitoa ikapigwe vumbi?" Kisha akakipokea kitambaa, akakikunja, akakiweka mapajani. Nilijiona kama nimemvua yeye.

Jumamosi ikafika. Tukavuta waya wa kuongezea umeme, tukajaribu dirisha la sebuleni, likagoma. La chumbani likagoma. Tukaishia dirisha la jikoni. Pale hakuna rafu, kwa hiyo niliinyanyua rauta kwa mikono miwili mpaka juu ya nondo.

"Imekuja?" nikauliza.

"Bado," Upendo akajibu kutoka sebuleni.

Nikaigeuza. "Imekuja?"

"Ilikuja ikaondoka. Rudisha ulikotoka."

Mtoto huyu sijamfundisha mimi. Nikarudisha kidogo, na sebule ikalipuka: "Hapo hapo Mama! Usiguse!" Na nyuma yake, sauti ya mama yangu mzazi, na macho yake yale mabovu: "Shika hapo hapo."

Kisha nikamsikia Anaeli, mzima, hana mkwaruzo. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Uko wapi?"

"Niko Uturuki, Bibi."

"Najua. Huko Uturuki uko sehemu gani, na umevaa sweta?"

Akamwambia amevaa mawili. Akamwambia kwamba Jumapili akifua nguo huimba nyimbo za kwaya peke yake, sauti ya pili, kwa sababu ya kwanza hana wa kumwimbia. Mimi hajawahi kuniambia hilo. Upendo alimfunga mabao akiwa anaongea, wala hakulalamika.

Vijana wanatuambia dunia imebadilika, na kweli, zamani sauti ilitoka Dar es Salaam kwa shida na leo inatoka Uturuki na kicheko chake. Natamani Baba angekuwepo aone. Ila mimi bado niko dirisha lile lile la jikoni, mikono juu, nasikiliza watu nisiowaona. Tofauti ni kwamba zamani nilikuwa nje, sasa niko ndani na mwanangu ndiye yuko nje.

Upendo akapaza sauti kwamba wiki ijayo tumwite fundi apigilie rafu. Nikasema tutaona. Upepo wa mlimani ulikuwa unaingia kati ya nondo, mabega yameanza kuuma. Nikasikia ndara za Mama zinakuja polepole nyuma yangu. Akakikunjua kile kitambaa cheupe, akanifunika nacho mabegani, akakinyoosha pembe zote mbili, akarudi kuongea na mjukuu wake.