Benchi la Jua

Siku ya kwanza kazini niliusalimia mlango. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kozi fupi ya uuguzi, msichana wa kuona haya hata nikikohoa, na shikamoo ilinitoka kabla Mganga Mfawidhi, mkubwa wa kituo chetu cha afya hapa Lushoto, hajafungua.

"Marahaba," akajibu kutoka ndani. "Ingia tu, mlango hauumi."

Akanikabidhi benchi la jua. Enzi zile za Ujamaa hatukuwa na taa za kutibu mbalanga, yaani ngozi kupoteza rangi na kubaki na mabaka meupe. Mgonjwa alimeza kidonge cha kuifanya ngozi ipokee mwanga, akavaa miwani ya jua, kisha akaketi juani kwa muda mfupi. Mimi nilitazama saa. Ukungu ukigoma kuondoka, tuliwarudisha wagonjwa nyumbani bila dawa.

Nilimpenda sana Mama Eliwaza wa Magamba. Alikuwa na mabaka usoni na vidoleni, na wenzake wa shamba la kijiji wakayaita ukoma. Yeye aliyekuwa mpishi wao, wakamtoa jikoni.

"Mimi nataka mwiko wangu tu," aliniambia.

Siku moja akatoka kwenye benchi, akaenda kupalilia maharage mpaka jioni. Kesho yake akaja na malengelenge.

"Si mlisema jua ni dawa?"

"Dawa ya kijiko, mama," akasema Mfawidhi. "Wewe umekunywa chupa nzima."

Alipopona tukaanza upya, taratibu. Miezi ikapita. Vidoa vyeusi vya rangi yake vikachipua usoni kama mchicha, vikaungana. Vidole vikakataa; Mfawidhi alishatuonya kwamba vidole ni wabishi.

"Basi vitapika hivyo hivyo," akasema Mama Eliwaza, akaniomba nimsindikize shambani.

Alipochukua mwiko, hakuna mwanamke aliyesogeza sahani.

"Huu si ukoma," nikasema. "Hauambukizi. Mimi namshika kila siku." Nikamnyooshea sahani.

Mama Singano, aliyezoea kumcheka Mama Eliwaza kuliko wote, akanisukuma kwa bega.

"Hebu sogea, nesi! Jembe hujashika, unatangulia kula?"

Akapakuliwa ugali, akala. Na wengine wakapanga foleni.

Nimestaafu sasa. Nasikia siku hizi mwanga wa kutibu unatoka kwenye taa, ukungu hauna la kusema. Vizuri. Lakini asubuhi jua likichomoza juu ya Magamba, bado natazama saa.