Beberu wa Miti na Breki za Kichwa Changu

Baba yangu, kule kijijini Miti, alikuwa na beberu mweupe mwenye jicho moja la kuona. Lile lingine lilipotea siku aliyopigana na mlango wa kanisa, lakini nikianza hilo hatutafika. Kila baba alipokamua ndizi za kasiksi, ile pombe yetu, makapi yalimwagwa nyuma ya nyumba saa ya kengele ya misa, na beberu akayala. Akala, akalala, akaamka anaimba.

Kisha baba akaugua, kasiksi ikasimama miezi. Lakini kengele ya misa ya asubuhi ikilia tu, beberu alikuja nyuma ya nyumba, akasimama pale mahali patupu, miguu ikimtetemeka. Majani mabichi yalikuwa kando yake, hakuyagusa. Sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini. Mama peke yake hakucheka.

"Ule hakuja kula," alisema. "Ule ameitwa."

Sikuelewa. Shule yenyewe niliacha mwaka wa tatu wa primaire. Nilikuja kuelewa nikiwa muzee, hapa Bukavu, asubuhi moja kengele ya parokia ikilia, nimesimama Kadutu mbele ya mlango wa nganda, kilabu cha pombe, ambao haujafunguliwa, mikono inacheza. Nikajitazama. Beberu kamili, ila mimi nilikuwa na macho mawili.

Kazi yangu ilikuwa lori, Bukavu na Kamanyola, ule mteremko unaojulikana. Kwenye usukani sikunywa, nasema kweli mbele ya Mungu. Nilikunywa nikishafika. Ila katika kazi ile kufika kulikuwa kwingi.

Sasa, aibu yangu. Katika mahari za kwetu, kila familia ina kinywa chake, mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya wote. Wageni wanaleta kibuyu cha kasiksi, kinywa anakipokea kwa mikono miwili, na pombe ikimwagika watu watasimulia miaka. Alipoombwa binti wa ndugu yangu, kinywa nilikuwa mimi. Asubuhi mikono ilicheza, nikanywa kidogo ili itulie. Ikatulia. Katikati ya mazungumzo nikatoka kukojoa, nikarudi, nikakaa kwenye benchi la wageni.

Mbele yangu nikaona watu wakali, nikajiambia hawa kweli watatutesa. Nikasimama nikawaomba binti yao kwa maneno ya asali. Nikawasihi wapunguze ng'ombe. Dada yangu ananikonyeza, mimi nadhani yule mama mkali ameanza kulainika. Familia yangu mwenyewe ikapunguza, kwa haya tu. Wageni wakanipigia makofi. Maisha yangu yote sijawahi kusema vizuri namna ile.

Familia ikaninyang'anya ukinywa.

Miaka ikapita, mjukuu wangu wa kike naye akapata mchumba. Akaja kukaa karibu yangu. "Koko, miye nataka weye njo unisemee. Mwingine hapana. Juu weye njo ulinilea."

Mama yake, yaani binti yangu, ni muuguzi. Alikuwa anamenya viazi. "Papa," akasema, "muntu anatetemeka kabla ya kunywa, akisha kunywa anapotea. Atasema saa ngapi?"

"Kesho naacha," nikamwambia.

"Kesho hapana! Ukikata mara moja unaweza kuanguka kifafa. Sikia. Lori iko na breki, na gaz ya kukimbiza, si njo vile? Kichwa pia. Pombe inakanyaga breki. Siku zote inakanyaga. Kichwa kinaona gari inalala, njo kinaongeza gaz. Sasa ukiondoa pombe ghafla, breki inaachiliwa, lakini gaz iko chini kabisa."

Nilikuwa nimeishi kwenye ule mteremko maisha yangu yote na hakuna aliyenieleza.

"Na ile ya kuitwa?" nikauliza, nikamsimulia beberu.

"Ile ni kitu kingine. Mu kichwa kuko dawa inaitwa dopamine. Inasemaka: hapa palikuwa patamu, kumbuka, rudi. Hata utamu ukiisha, iko inaita tu. Hata kengele inatosha."

Mama yangu alijua hayo bila diploma.

Tukaanza kupunguza, na dawa za kituo cha afya, binti yangu akinipima kama mtoto mchanga. Nilitoka jasho la kulowesha matandiko. Siku moja nilimwona beberu wa baba amekaa juu ya kabati. Nikamsalimia. Binti yangu akanipeleka kituoni mbio, nikalazwa siku nne.

Rafiki yangu, fundi wa zamani wa kujenga, alikuja kunitazama. Yeye pombe haigusi sana, ni mtu wa bangi. Kiti chake kule nganda kilikuwa kando ya changu.

"Si nilikuambia, ndugu yangu? Pombe njo mubaya. Bangi ni majani. Ng'ombe anakulaka majani, umeshaona ng'ombe..." Akasimama hapo. "Umeshaona ng'ombe nini?" nikauliza. Akanitazama. "Ng'ombe gani?"

Binti yangu akacheka. "Tonton, kichwa chenyewe kinatengenezaka kitu inafanana na bangi, kidogo kidogo."

Rafiki yangu akafurahi sana. "Kumbe niko na shamba mu ndani!"

"Ndiyo. Lakini ukileta ya inje kila siku, kichwa kinafunga milango yake mingi. Na pale bangi inapita, njo pale tunawekaka kumbukumbu."

"Hilo nitalikumbuka," akasema.

Siku ya mahari ikafika. Mjukuu wangu alikuwa nyuma ya pazia, naona vidole vyake tu vimelishika kwa nguvu. Kinywa cha wageni, bwana mnene mwenye kofia ya manyoya, akanipa kibuyu. Nikakipokea. Mikono kimya. Lakini harufu ikapanda, na mate yakajaa mdomoni, nikajua tone moja tu na beberu atashuka kutoka kabatini.

"Wakwe," nikasema, "desturi inataka mwenye kuleta aonje kwanza, tujue haina sumu."

Akaonja. Akanirudishia.

"Umekunywa ya juu. Sumu inakaaka chini."

Watu wakacheka, naye akanywa ya chini. Nikamwambia sasa ya katikati. Alikuwa mtu wa heshima, hakukataa. Tukaanza kusema, na kila tulipofika neno gumu nilirudia wasiwasi wangu wa sumu, naye akanywa. Mwishowe akaomba ruhusa ya kutoka. Aliporudi akasimama, akatafuta, akaja kukaa kando yangu.

"Ndugu zangu," akawaambia watu wake mwenyewe kwa ukali, "huyu binti yetu hamutamupata kwa bei ya kuku!"

Pazia likatikisika kwa kicheko. Sikumcheka yule bwana. Nilisogea, akae vizuri.

Asubuhi iliyofuata kengele ya parokia ikalia, na miguu, bila kuniuliza, ikanipeleka Kadutu. Rafiki yangu alikuwa kwenye kiti chake. Changu kilikuwa kitupu, kimepanguswa.

"Kinywa ya familia! Kaa. Habari yako imefika mpaka huku." Akamimina kikombe, akakisukuma kwangu. "Niko na kitu ya maana ya kukuambia."

"Kitu gani?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama juu, akatazama kikombe, akakuna kichwa. Nilingoja nimesimama. Kidole changu kimoja cha mkono wa kuume kikaanza kucheza.

"Endelea kutafuta," nikamwambia. "Narudi sasa hivi."

Nikaondoka. Sijarudi.