Harusi ya Akinyi wa Magunga

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Homa Bay, sikupamba chochote. Nilipiga pasi. Mwenye kazi, mama mkali tuliyemwita Madam, aliniwekea rundo la vitambaa. "Nyeupe haifichi kitu, nyathina, mwanangu," akasema. "Mkunjo moja tu, watu wataangalia hiyo waache bibi harusi."

Nyinyi vijana mna taa za kila rangi. Sisi tulikuwa na nyeupe na fedha, basi. Mapazia tuliyakusanya kileleni mwa hema ili yaanguke vizuri, na nyuma ya kila kiti tukafunga utepe wa fedha. Fundo moja likienda kombo, Madam alifungua safu nzima.

Hema na viti vilitumika harusini na mazishini vilevile, lakini vitambaa vya harusi Madam hakukubali viende matangani. Nani angevikodi tena?

Baadaye nilipelekwa Migori kuwa msimamizi. Huko ndiko alikonijia Akinyi wa Magunga, akajichagulia kila kitu. "Auntie, weka hiyo silver mob, iwe nyingi!" alisema huku akicheka. Siku chache kabla ya harusi, akaanguka na pikipiki, akafa.

Mama yake akanipigia simu. "Kuja tu na vitu zake. Msichana hajaolewa, kwetu anazikwa nje ya boma. Hata kupambiwa pia anyimwe?"

Nilimpigia Madam nikijua atakataa. "Peleka," akasema. "Lakini usirudishe."

Nilipamba nikilia, sikuona haya. Ikabaki meza kuu, wanapokaa maharusi. Nilikuwa nimesimama na kiti mkononi, sijui la kufanya, mchumba wake alipoingia amevaa suti yake ya harusi.

"Weka viti zote mbili, Auntie."

Nikaviweka. Alikaa pale ibada nzima, kando ya kiti kitupu, na wazee hawakumwambia ahame.

Siku hizi mgongo hauniruhusu kupanda ngazi, nimestaafu. Kazi yangu ya mwisho alinipa kijana yuleyule, alipopata mwenzake hatimaye. Nilimuuliza anataka rangi gani.

"Yoyote, Auntie. Isipokuwa nyeupe."

Nikampambia kwa buluu. Nilipokuwa nikipanga viti vya meza kuu, bibi harusi akapita, akaniona nikijifuta macho. Akaniuliza kuna nini.

"Ni furaha, mwanangu," nikamwambia, nikamvutia kiti chake akae.