Kama Ni Wewe, Njoo Nikushike Mkono

Jumanne, kwa ofisi ya chifu wa mtaa wa Mwiki, mama aliyenitangulia kwenye foleni alitaka barua ya kuthibitisha kwamba yuko hai. Ukurasa mmoja wa habari mtandaoni ulikuwa umeweka picha yake, ukaandika amekufa ajalini. Kwao Kakamega matanga yalikuwa yameanza.

Karani alitazama kitambulisho, akatazama ile picha kwenye simu, akarudi kwa kitambulisho.

"Si umpigie tu mamako?"

"Nimempigia, hata ya video. Anasema siku hizi sauti na sura zinatengenezwa. Ameniambia, kama ni wewe, njoo nikushike mkono."

Karani akagonga muhuri.

Mimi huwacheka wanaoogopa kudanganywa kwa simu. Siku hiyo nilitoka nje nikampigia mamangu, na alipopokea nikanyamaza kwanza, nisikie kama ni yeye.