Alhamisi Niliyoiandika Kabla Haijafika

Miezi michache kabla ya uhuru nilirudi kwetu Likoni kwa likizo ndefu, nikitoka chuo kikuu Kampala. Mwalimu wetu wa uandishi alikuwa ameniagiza jambo moja tu: kila siku niandike mistari kumi ya nilichokiona kwa macho yangu. Si tisa, si kumi na mmoja. Na nisiruke hata siku moja, kwa maana mtu akiruka moja, alisema, ya pili hujiruka yenyewe.

Basi kila asubuhi baada ya chai nilikaa barazani, daftari gotini, nikatazama njia. Taabu ya mtaa wetu ni kwamba saa hizo hapakuwa na jambo. Wanaume walikuwa wamekwisha vuka na feri kwenda kazini, wanawake wamo nyuani mwao. Aliyebaki njiani alikuwa bata mmoja mweupe. Nikamwandika bata. Siku ya kwanza alitoka ua wa kushoto akaingia ua wa kulia. Siku ya pili alitoka wa kulia akaingia wa kushoto. Siku ya tatu alisimama katikati, na hapo nikapata mistari kumi bila kutoka jasho.

Nyua zile zilikuwa za mabibi wawili, mtu na wifi yake, na kila mmoja alisema bata ni wake.

Watu wakaanza kuniangalia. Kijana ametoka Kampala, kila siku saa ileile anatazama njia na kuandika, lazima ametumwa. Wengine walisema nimetumwa na serikali, wengine na chama. Mzee wa mtaa, ambaye siku zote alikwenda dukani na kikoi na fulana, akaanza kupita mbele yangu amevaa kanzu na koti, akitembea taratibu ili nipate kumwandika vizuri. Siku moja alifika mwisho wa njia, akarudi, akapita upya.

"Mara ya kwanza nilikuwa nimeinama," akanieleza.

Ikaja Alhamisi ambayo ilinibidi niende Chaani kumtazama mjomba aliyekuwa akiuguza mguu, na nilale huko. Nitaandika nini, na bata simwoni? Kuruka siku sikutaka. Nikaamka alfajiri, nikaandika mistari ya siku ile kabla siku yenyewe haijaanza: kwamba bata ametoka ua wa kushoto, ameingia ua wa kulia, amekaa nyuma ya pipa la maji mpaka jua likawa kali. Pipa nililibuni. Hata jua nililibuni. Nikaliacha daftari mezani, nikaenda zangu.

Niliporudi Ijumaa mchana nilikuta mtaa mzima umesimama. Yameonekana mayai sita ua wa kulia, nyuma ya pipa la maji. Bibi wa kulia anasema bata ametaga kwake, kwa hivyo bata ni wake na mayai ni yake. Bibi wa kushoto anaapa wallahi kwamba mayai yametagwa kwake na kuhamishwa na mkono wa mtu.

"Kijana ameandika!" akasema mmoja. "Likaletwe daftari."

Mzee wa mtaa aliniketisha kitini, akawanyamazisha watu, akaniambia nisome. Nikasoma. Nilipofika kwenye pipa watu walisema Allahu akbar kwa sauti moja, nami nikasimamishwa na kuambiwa nisome tena, safari hii kwa sauti ya juu. Mzee akaamua hapo hapo: mayai ni ya bibi wa kulia.

Moyo uliniuma. Bibi wa kushoto alikuwa akilia.

"Mzee, nakuomba radhi," nikasema. "Jana sikuwepo hapa. Haya niliyaandika alfajiri, kabla sijaondoka."



"Alfajiri?" akauliza bibi wa kulia. "Yai la mwisho bata alilitaga saa nne."

"Ndiyo, bibi. Nilibuni."

Mzee akawageukia watu, kama anayewafasiria lugha ngeni. "Amebuni," akasema. "Maana yake alijua kabla."

Kesho yake baraza letu lilijaa kabla sijanywa chai. Mama mmoja mwenye mume baharia alitaka niandike kwamba barua yake yafika Jumatatu. Bibi wa kushoto alikuja na sahani ya mahamri. Hasira zilikuwa zimemwisha, alitaka tu niandike kwamba safari ijayo bata atataga kwake. "Na ukiweza, mjukuu wangu, yazidi sita." Mama yangu aliwapa wote chai, kisha akaniita ndani.

"Mwanangu, ya kesho anayajua Mungu peke yake. Wewe mwaka jana hukujua hata maswali ya mtihani wako."

Mzee wa mtaa naye akaja, na koti lake. "Niandikie uhuru," akasema. "Uje mapema. Magoti haya hayangoji."

"Hilo, mzee, wanaandikiana wakubwa huko Ulaya."

"Basi andika na wewe. Usiwaachie peke yao."

Nikamwandikia mstari mmoja. Sikuweza kumkatalia.

Wa mwisho alikuwa nahodha wa timu yetu ya mpira, iliyokuwa icheze na vijana wa Mishomoroni. Nilikuwa nimechoka, na umebaki mstari wa kumi. Nikaandika: Jumapili, mabao mawili kwa bila. Jumapili vijana wetu walicheza kama watu waliokwisha maliza kazi. Golikipa aliegemea mlingoti, washambuliaji walisimama wakingoja mabao yaje. Tulifungwa mawili kwa bila.

Nahodha alikuja jioni. Nilijua amekuja kunipiga, na nilishukuru, maana sasa yatakwisha.

"Umeandika kweli tupu," akasema, akinishika mkono kwa mikono miwili. "Kosa ni letu. Hatukukwambia uandike nani amfunge nani."

Siku ya pili yake nilihama baraza. Nilijificha jikoni kwa mama, mahali ambapo mwanamume wa mtaa wetu asingethubutu kunifuata. Mama alisema mtu hakai jikoni bure, akanipa mbuzi nikune nazi. Nilikuna, nikapangusa mikono, nikaandika: mama anavyochuja tui, anavyoonja chumvi, anavyozungumza na moto usiposhika. Huko nje zilikuja habari kwamba serikali imenifuta kazi, na watu wakanisikitikia kidogo. Mimi nilikaa jikoni hadi likizo ilipokwisha, na sikuruka siku.

Asubuhi moja mama aliniomba nimsomee nilichoandika juu yake. Nikamsomea mistari yote kumi, naye akasikiliza bila kuacha kupepeta mchele.

"Huo wa saba si kweli," akasema. "Sikuguna. Nilikohoa, moshi."

Nikaukata, nikaandika kwamba alikohoa.