Jina Lililokwanguliwa

Kwa miaka kumi na mmoja Ghalia alibandika lebo kwenye chupa za dawa katika famasi moja ndogo ya Kilburn. Wateja hawakuzisoma. Yeye alisoma kila onyo, hata la shampuu, na mumewe Matar akimtania kwamba siku moja atatafuta onyo kwenye chumvi.

Machi 2004 mtoto wa kaka yake, Asad, alikuja kutoka Rotterdam kuwatembelea. Matar alikuwa na mwaka wa tatu wa maradhi ya mishipa ya fahamu, na jioni ile miguu ilimkakamaa mpaka machozi yakamtoka. Asad alitazama, kisha akatoa begini kikopo cheupe cha plastiki.

"Majani ya chai, shangazi. Mchemshie mzee," alisema, macho yakiwa pembeni.

Ghalia alinusa. Harufu ile aliijua kutoka ngazi za fleti yao, walikovutia vijana bangi. Kikopo kilikuwa na lebo ya Kiholanzi, maonyo mistari mitano, na palipokuwa na jina la mgonjwa pamekwanguliwa kwa ukucha. Dawa ya halali hufichwa jina kwa nini? Tena kijana mwenyewe amekonda, kofia haivui hata ndani, na pilau aliidonoa tu. Ghalia alijiambia: huyu kaharibika, na hiki kakiiba.

Hakuchemsha kitu. Asubuhi alikwenda nacho kazini, kimeviringwa kwenye kitambaa, akamwonyesha Anselme, msafishaji Mkongo aliyejifunza Kiholanzi alipoishi Antwerp.

"Mama, hii ni bangi ya hospitali," Anselme alisema kwa sauti ya chini. "Kwao inaruhusiwa, hapa hapana. Banaandika usiendeshe gari, uweke mbali na batoto. Na hapa: ni ya huyu mgonjwa tu, usimupe mutu mwingine."

"Mgonjwa gani?"

Anselme alikisogeza dirishani. "Jina limetoka. Tarehe ya kuzaliwa imebaki. Kumi na tisa, mwezi wa nane, sabini na moja."

Ghalia aliijua tarehe ile. Siku hiyo alikuwa chumbani, ameushika mkono wa wifi yake aliyekuwa akimzaa Asad.

Alipofika nyumbani alimkuta Asad jikoni peke yake. "Vua kofia," alimwambia.

Kichwani hapakuwa na unywele hata mmoja.

"Tangu lini?"

"Tangu Novemba. Hiyo hunituliza kichefuchefu baada ya matibabu. Mzee alinilea, shangazi. Sikuweza kumtazama vile."

"Na wewe ungetumia nini?"

Ghalia alimchemshia yeye, akakaa naye mpaka akala sahani nzima. Chai iliyobaki aliimwaga chooni, isije ikanywewa na mwingine. Matar alipoambiwa aliomba asaidiwe kwenda kukaa karibu na kijana.

Asad alidai daktari wake ana matumaini. Ghalia hakumwamini. Alichukua likizo, akapanda naye basi hadi Rotterdam, akamsikia daktari kwa masikio yake mwenyewe. Safari hii Asad alikuwa amesema kweli.